Wimbo wa Dakika Ishirini na Tatu kwa Papa Floribert

Jumatatu, 8 Juni 2009
Nimemaliza. Dakika ishirini na tatu, sehemu nne, bila kiitikio. Hakuna mtu wa Ituri aliyewahi kuandika kitu kama hiki. Maneno nimeyatoa katika riwaya ya Kifaransa niliyoazima parokiani: dunia imekauka, watu wanapanda chombo cha angani na kuishi humo karne mbili, mpaka wanasahau walikotoka. Wazungu wa miaka ya sabini walifanya hivyohivyo. Ninazo kaseti zao za rock progressif, padri mmoja alituachia. Walisoma vitabu vya nyota na mashine, kisha wakaimba nusu saa. Vital, mpiga gitaa wa orkestra yetu, ameuliza watu watacheza saa ngapi. Nimemwambia hawatacheza, watafikiri. Amecheka mpaka akakaa chini. Wivu.

Jumanne, 9 Juni
Jumamosi kamati ya kartiye yetu, mtaa wa Lumumba, itachagua orkestra ya kupiga tarehe 30, sikukuu ya Uhuru, mbele ya mji mzima. Tangu vita itulie hatujapata jukwaa kama hilo. Nalitaka kuliko chakula. Mkuu wa kamati ni Papa Floribert, muuza samaki. Vital anataka tupige rumba yake yenye jina la Floribert mara kumi na moja. Huku tunaita kutupa libanga: unamtaja mkubwa ndani ya wimbo, mkubwa anafurahi. Ushamba mtupu.

Jumatano, 10 Juni
Nimefikiri upya. Kapteni wa chombo sasa anaitwa Floribert. Libanga moja tu, lakini linaongoza binadamu wote! Nimekwenda kumwambia dukani. Akaacha mizani. Akauliza kama dada yake, Mama Madeleine, anaweza kuja na jamaa. Nikamjibu aje na ukoo mzima.

Ijumaa, 12 Juni
Mazoezi. Vital anataka tukomee dakika ya kumi na tatu, kwa sababu dakika ya kumi na nne kapteni anakufa. "Muntu iko muzima, hauwezi kuua jina yake, mwalimu," akasema. Nimemweleza kwamba hiyo ni fasihi. Kitabuni anakufa. Mimi ni nani nibadilishe?

Jumamosi, 13 Juni
Floribert alichelewa; gari lake lilikuwa bado njiani kutoka Tchomia, ziwani. Hatukungoja; ukumbi ulishajaa kamati na jamaa zake. Dakika ya kumi na nne nikaimba kwa sauti ya chini: Floribert amelala, Floribert harudi tena. Mama Madeleine akapiga yowe. Nilidhani ameguswa. Kisha jamaa wote wakaanza kulia. Majirani wakaingia na viti vya plastiki, mmoja na mzigo wa kuni. Ukumbi mzima machozi! Nilifunga macho nikaimba mpaka mwisho. Maishani sijawahi kujivuna hivyo.

Nilipofungua macho, Floribert alikuwa amesimama mlangoni na gunia la samaki begani, akiuliza nani amekufa.

Mama Madeleine amenieleza kwamba habari ya kifo kwetu husemwa namna ile: anayeileta anazunguka, anazunguka, ndipo anataja jina. Mimi nilizunguka dakika kumi na nne. Tena ndugu yake alikuwa barabarani, na barabara ile tangu vita bado watu wanaiogopa. Alidhani tumetumwa kuleta habari. Kamati imechagua rumba ya Vital, na mtu mwingine ataiimba badala yangu. Nimeumia. Nimelia kweli.

Jumapili, 14 Juni
Nimekwenda kuomba radhi. Floribert hakunikaribisha ndani. "Unirudishe muzima, mbele ya batu bote," akasema, "ao nisikuone tena hapa." Haki yake.

Nimeanza sehemu ya tano. Kitabuni wafu wa chombo hurudi, ila kila anayerudi, mwingine hulala mahali pake. Nilihitaji jina zito, nimelipata: la chef de cité, mkuu wa mji wetu. Orodha ya tarehe 30 bado inangoja sahihi yake, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Yuko safarini Kisangani mpaka Ijumaa. Haidhuru. Kesho nitakwenda kumwimbia mke wake nyumbani, polepole, nikianzia mbali.