Fundi Hamdan na Simu ya Gundi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimetengeneza redio hapa mtaa wa Mashimoni tangu hawa watoto wakiwa kwa tumbo za mama zao. Ile ya mkuu wa polisi ilikuwa imekufa siku nne. Nikaiguza tu, ikaendelea na taarifa ya habari pale ilipoachia! Leo Mabrouka, mwenye kibanda ninachokodi, ameniletea simu yake ya kugusa. Haiwaki. Akasema Hamdan, dunia imebadilika, enda usome kidogo. Ikifika Jumatatu ijayo haijawaka, kibanda ni cha Mwongeli, huyo msichana fundi wa simu wa ng'ambo ya barabara. Kusoma! Mimi! Nimeigeuza hiyo simu. Haina skrubu. Haina mfuniko. Betri siwezi hata kulamba nijue kama iko na moto. Gundi tupu. Mtu aliiziba makusudi, na alikuwa ananifikiria mimi.

Jumanne, 10 Juni
Mwongeli hashiki bisibisi. Anachomeka waya, anaangalia kompyuta, anatafuna njugu, simu inawaka. Ati ni software. Software gani haina moshi? Huyu anaficha kitu.

Jumatano, 11 Juni
Mtego! Nimelegeza waya ya spika kwa simu ya Farouk, muuza mahamri, nikamtuma kwa Mwongeli akaone hiyo dawa anayoficha iko wapi. Amerudi simu ikiimba. Dawa hakuiona, alikuwa anaangalia Mwongeli. Bure kabisa! Ati msichana amesema: mwambie mzae mikwaruzo ya kisu chake naijua, na Jumamosi nafundisha ufundi wa simu bila malipo huko mtaa wa Kawangware 46, kiti chake kiko. Nani humpa adui kiti? Anataka ujuzi wangu.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeenda. Kupeleleza, si kusoma. Kofia mpaka kwa macho, jina nikajiita Simeon. Wanafunzi wakasema basi Mzee Simeon atufungulie na maombi kwa jina la Yesu. Mimi, Mnubi, Mwislamu mzima! Nikakohoa mpaka wakachoka wakasema amina. Mwongeli hakucheka, lakini mabega yake yalicheka.

Akafundisha ya gundi. Pasha joto kwanza, polepole, kisu kisiguse betri. Nilisikia nusu. Nusu ingine nilikuwa nawapa jirani zangu ile ya mkuu wa polisi, redio imekufa siku tisa. Tukapewa simu mbovu tufungue. Wengine wakapasha. Mimi nikatoa kisu, nikachokora mpaka kwa betri. Fyuuu! Moto! Darasa lote nje! Mwongeli akaibana na koleo, akaizika kwa ndoo ya mchanga hapo mlangoni. Ikanyamaza. Akaniangalia mikono kuona kama nimeungua. Akasema pole mzae, ile ya Mabrouka niletee kesho tuifungue pamoja. Unaona? Anaitaka simu!

Jumapili, 15 Juni
Nimeelewa! Ndoo! Watu wote wanakodolea kompyuta, ndoo imekaa mlangoni kama haijui kitu. Fundi asiyejenga nyumba, mchanga ni wa nini? Ndio software hiyo.

Nimebeba mchanga kutoka mjengo hapo mtaa wa Olympic, safi kuliko ule wa Kawangware. Simu ya Mabrouka iko ndani tangu asubuhi. Nimeichungulia: tundu la chaji limejaa mchanga. Inakula. Dalili nzuri. Farouk akauliza kama nina hakika. Nikamwambia redio ya mkuu wa polisi ilikuwa imekufa mwezi mzima.

Nimeandika mlangoni: HAMDAN, SOFTWARE. Mwongeli amepita, akaona ndoo, akashika kichwa na mikono miwili. Nimeifunika haraka. Wacha alie. Siri yake ninayo, na kesho Mabrouka ataona.