Lori Lililokataa Kusimama

Leo nimejianika mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya darasa zima la wazazi.

Dada yangu wa Tetu alikuwa na chai ya kuchuma, akanituma siku ya wazazi shuleni kwa binti yake Nyawira, kidato cha pili. Kazi ilikuwa moja: kumsihi mwalimu asimwondoe kwenye fizikia. Mtoto anataka uhandisi, na alama zimeteleza.

Mwalimu akasita. Nami nikasema, "Mwalimu, fizikia iko kwa damu yetu. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani!" (Tulikuwa tisa. Hilo sikulisema. Miaka ishirini ya kuzurura, Kagio hadi Nanyuki, haijanifundisha kunyamaza.)

"Vizuri," akanipa chaki. "Tuonyeshe, mzazi."

Ubaoni: lori linakwenda kilomita 72 kwa saa. Dereva anaona ng'ombe mita 60 mbele, anafunga breki. Kila sekunde, kasi inapungua kwa mita nne kwa sekunde. Je, litamgonga?

Fomula ikanijia kama wimbo wa ujana! 72 mara 72, gawa kwa nane, yaani ile nne mara mbili. Mita 648. Nyawira akaanza kukohoa. Nikadhani ni vumbi la chaki.

"Ng'ombe amekufa," nikatangaza.

"Una uhakika?"

"Mwalimu, nimekuwa turnboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la majani chai kule Kiriaini. Lori halisimami ovyo!"

Mama mmoja nyuma akauliza, "Ati limpite ng'ombe, lipite soko, lifike kanisani, na bado linatafuta breki?"

Darasa likalipuka. Mwalimu hakucheka. Alishika fomu ya masomo, kalamu juu ya jina la Nyawira. Nimemmaliza mtoto wa watu!

Nyawira akaja mbio, akaninyang'anya chaki. "Mjomba, hizo ni kilomita kwa saa! Geuza kwanza." 72 ikawa mita 20 kwa sekunde. Ishirini mara ishirini, gawa kwa nane: hamsini. "Linasimama likibakisha mita kumi. Ng'ombe haguswi."

Makofi! Mwalimu akaandika, akafunika kalamu.

"Nyawira anabaki. Lakini muhula ujao, mama yake aje mwenyewe."

Dada amenipigia sasa hivi, ananishukuru kwa kumtetea mtoto vizuri. Sijamsahihisha. Nanyi mkimwona, kohoeni tu mpite.