Karatasi Niliyoiangusha Mara Tatu

Jumatatu, 6 Oktoba

Matokeo ya Jiografia, Kidato cha Pili, yametoka. Wanafunzi arobaini na mmoja. Waliofaulu: watatu. Nimehesabu tena kuanzia chini kwenda juu. Watatu.

Eleza jinsi mvua inavyonyesha. Mmoja kajibu kwa neno moja: "Ghafla." Taja athari mbili za ukame. Mwingine kajibu: "Kiu. Na kiu kali." Nilicheka peke yangu chumba cha walimu, kisha nikakumbuka kuwa hawa ni wangu.

Mwalimu Mkuu kaniita. Mama yule hapandishi sauti, na hapo ndipo penye hatari. Akasema mtihani wa marudio ni Ijumaa ya wiki ijayo, atautunga mwenyewe, na isipofaulu angalau nusu ya darasa, anampa darasa Bwana Wastani, nami niende stoo kuhesabu viti. Bwana Wastani ndiye mwalimu wa Hisabati. Hawezi kukusalimu bila kutaja wastani wa darasa lake. Nilipotoka nilimkuta mlangoni ameinama, anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Miaka kumi na tisa nafundisha. Stoo! Hata hivyo nashukuru. Angeweza kunipeleka leo leo.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimewachunguza wanavyosoma. Jamani! Daftari moja linazunguka kwa watu sita. Benchi la nyuma wanachora jezi za mpira. Kiranja wa darasa, binti mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, kanieleza bila kupepesa macho kwamba wao husoma asubuhi ya mtihani ili mambo yasipoe. Kitu pekee wanachokisoma kwa moyo wote ni karatasi wanayodhani imevuja.

Hapo akili yangu ikawaka. Nitawavujishia! Si mtihani wenyewe, maana hata mimi siujui. Nitatunga maswali arobaini, kitabu kizima jalada hadi jalada, pamoja na majibu yake. Juu niandike SIRI, kisha niidondoshe. Watasoma kitabu kizima huku wakidhani wanaiba!

Mke wangu kaniuliza kwa nini nisiwaambie tu wasome. Nimemhurumia, ualimu haujui. Lakini kanichongea penseli nne na kuniletea chai, Mungu ambariki.

Jumatano, 8 Oktoba

Saa mbili: nimeidondosha mlangoni. Kiranja kanikimbilia uwanja mzima kuniambia nimeangusha karatasi. Nikamshukuru, ningefanyaje?

Saa nne: nimeidondosha chini ya meza. Wachora jezi wameniletea hadi chumba cha walimu na kunikabidhi kwa mikono miwili. Adabu hii yote ilikuwa wapi siku zote?

Saa sita: nimeidondosha chini ya dirisha. Kaileta Bwana Wastani. Akauliza kama macho yangu yako salama, huku yake yamegandia kwenye neno SIRI.

Saa nane uvumilivu ukanishinda. Nimeichana vipande vinne mbele ya darasa zima, nikatupa kwenye ndoo ya taka, nikatoka nje, nikahesabu hadi mia. Kurudi, ndoo tupu. Mungu mkubwa!

Jumatatu, 13 Oktoba

Wanasoma! Kwenye foleni ya maji wanasoma. Nyuma ya vyoo wanasoma, pale ambapo hata mimi sikai. Wachora jezi wamechora tabaka za dunia na kuzipaka rangi za timu zao. Nikipita wanaficha, nami najifanya kipofu. Ilibidi niingie stoo nicheke. Nilipokuwa humo nikahesabu viti, lolote laweza kutokea. Sitini na viwili.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mtihani. Maswali ishirini. Hakuna aliyelala, hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni. Kengele imelia, vichwa bado viko chini, kalamu zinakimbia. Nimekwenda bombani kunawa uso ili wasinione.

Jumatatu, 20 Oktoba

Waliofaulu: thelathini na wanne! Nimemkumbatia mpiga kengele. Furaha imedumu dakika kumi.

Mwalimu Mkuu kaniita. Mezani kwake, vile vipande vinne, vimeunganishwa kwa gundi. Bwana Wastani kaikuta karatasi darasani, kaipeleka mbio. Pembeni, mitihani yote. Swali la saba: dunia hujizungusha kutoka upande gani kwenda upande gani? Wote arobaini na mmoja wameandika mashariki kwenda magharibi. Mama akasema hilo ni kosa, na watu arobaini na mmoja hawawezi kukosea sawasawa bila kunakili mahali pamoja. Akaweka kidole kwenye karatasi yangu, jibu la kumi na tisa. Mashariki kwenda magharibi, mwandiko wangu. Akasema nimevujisha mtihani, na kwa hilo siendi tena stoo, naenda nyumbani.

Nikajitetea kuwa mtihani sikuuona. Bwana Wastani akasema kwa upole kwamba ofisi ya Mama ina dirisha. Nikamfikiria mke wangu na penseli zake nne.

Mlango ukagongwa. Kiranja, amebeba madaftari hadi kidevuni! Akayafungua moja moja mezani. Tarehe 11 Februari, yote yameandikwa mashariki kwenda magharibi, na alama yangu ya vema, nyekundu, juu yake. Akasema hawakuletewa jibu na mtu, mwalimu wao kawafundisha hivyo tangu mwaka uanze.

Mama akauliza kuhusu ile karatasi. Kiranja akasema walijua siku ileile kuwa ni mtego, kwani nani anaangusha siri mara tatu kwa siku moja? Ila waliona mwalimu kaandika maswali arobaini kwa mkono wake, wakaona haya kutoyasoma. Wakayagawana kwa makundi na kutafuta kila jibu kitabuni. Na swali la saba je, Mama akauliza, kitabu si kinasema magharibi kwenda mashariki? Binti akatazama sakafu. Akasema waliliona jibu hilo. Walikubaliana wote wapoteze alama ile moja, kuliko kumwaibisha mwalimu.

Mama akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji. Mwishowe akasema mtu asiyejua dunia inazunguka kwenda wapi hawezi kuwa amechungulia majibu ya mtihani. Darasa linabaki kwangu. Bwana Wastani akainama kufunga kamba.

Nimelia kwenye korido, wala sifichi. Watoto ambao hawakuwa na alama hata za kujikimu wamenitolea moja kila mmoja! Sijui nimewafanyia nini cha kustahili hivyo. Asante, wanangu. Asante sana.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeamka mapema, nikaweka kiti mlangoni, nikalingoja jua. Limetoka mashariki, likaanza safari kuelekea magharibi. Nimeliona kwa macho yangu haya mawili. Mke wangu ni shahidi, ingawa anasema jua ni kitu kingine na dunia ni kitu kingine. Kwa hiyo kitabu ndicho kilichokosea. Nimeanza kuwaandikia wachapishaji barua, kwa upole, maana kila mtu huteleza.

Darasani nimewashukuru mmoja mmoja, kwa kumshika mkono. Kiranja kauliza kuanzia sasa waandike lipi. Nimewaambia waendelee na lilelile. Wakatazamana kidogo, wakaandika. Nani kama mimi, kupewa watoto kama hawa?

Muhula ujao, maswali themanini. Na safari hii hawashtuki ng'o, maana kosa langu nimeshaliona: niliangusha mara tatu. Nitaangusha mara mbili.