Nepi Kumi na Mbili Kambani

Jumatatu, 3 Machi

Upele wa Mheshimiwa haujapungua. Mheshimiwa ni binti yetu. Miezi saba, hana jino hata moja, lakini amri anazo.

Muuguzi wa kliniki alimkagua, akatikisa kichwa. Akasema tuache daipa kwa sasa, ngozi ya mtoto haizitaki. Avae nepi za kitambaa, zifuliwe vizuri, zianikwe juani. Mke wangu akaanza kuuliza nani atafua, maana yeye hurudi kutoka kazini jioni. Hata hajamaliza, nikasema mimi! Kwa sauti. Benchi zima la akina mama likageuka. Mmoja akapiga makofi.

Nilikurupukia nini? Baba Pacha alikuwa amekaa nyuma yangu, pacha mmoja kila goti. Ni jirani yetu wa mlango wa pili. Anafua, anapika, anaziba mabomba, na wanawe hawalii. Simpendi.

Isitoshe mimi niko nyumbani kutwa, nachora vibao vya maduka. Tumenunua nepi dazeni moja. Nyeupe pe! Mambo madogo haya.

Jumanne, 4 Machi

Si mambo madogo.

Kufikia saa tatu asubuhi, nepi nne chali. Mheshimiwa husubiri nifunge pini ya mwisho ndipo aanze shughuli. Ya tano sitaieleza hata humu ndani. Niliitia kwenye ndoo, nikaenda dirishani, nikarudi. Bado ipo. Nikaenda mlangoni, nikarudi. Ipo tu. Nikaigusa kwa kijiti cha kukorogea rangi. Nikakitupa kijiti.

Kibao cha kinyozi kimeishia KINYO. Mwenyewe amepita mara mbili kuulizia herufi zilizobaki.

Baba Pacha alikuwa anaanika zake, zimenyooka kama askari gwarideni. Akanishauri nisugue kwa mduara. Kwa mduara! Nikamjibu kwamba nina mbinu yangu mwenyewe. Wakati ule sikuwa nayo. Sasa ninayo.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu yenyewe: mke akitoka, Mheshimiwa anavaa daipa. Saa moja kabla mke hajarudi, nachovya nepi safi kwenye maji, nakamua, naanika. Mtoto namvalisha moja kavu. Mke anakuta kamba imejaa na baba amechoka. Daipa zilizotumika zinasafiri ndani ya mfuko wa brashi zangu hadi jalala la mtaa wa pili. Nani atamkagua mchoraji?

Nimeleta gunia zima la daipa mpya. Kulificha ndiyo kazi. Uvunguni mke anafagia. Kabati linapiga kelele. Nimezunguka nyumba mara sita. Mwishowe jicho likatua uani, kwenye lile tangi kuukuu lililokatwa bomba tangu mwaka jana. Kavu kabisa, halina mwenyewe. Nimezitoa daipa zote kwenye plastiki zake, maana plastiki ukiigusa inachongea, nikazimimina ndani. Nikafunika.

Akili hii ningeipeleka kwenye biashara ningekuwa mbali.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Mke amerudi, amesimama mbele ya kamba, akavuta nepi moja puani. Akasema inanukia jua. Akaniita mume wangu mbele ya mama mwenye nyumba. Nilirefuka.

Kisha akamvua mtoto. Upele umeongezeka.

Akauliza kama nasuuza vizuri. Nikasema mara tatu. Akasema basi itakuwa sabuni, kesho ataleta nyingine. Nilitoka kwenda kuosha brashi. Zilikuwa safi. Nikaziosha.

Ijumaa, 7 Machi

Sabuni mpya. Upele ule ule. Mke amempigia muuguzi. Ameuliza kama ni maji, kama ni kitambaa, kama ni kitu anachokula yeye kinachopita kwenye maziwa. Ameacha mayai. Mayai! Mwanamke huyu anayapenda kuliko anavyonipenda mimi. Na zile nepi mbili za usiku huzifua mwenyewe alfajiri, eti asinilimbikizie.

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Akasema hajawahi kujivunia mume kama wiki hii. Nikaufunga. Nitamwambia kesho. Au Jumatatu.

Halafu, saa kumi, nachungulia dirishani, namwona Baba Pacha analizunguka tangi na spana mkononi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema maji hayatoshi familia nne, ni hasara tangi zima kukaa bure. Nikasema lina ufa. Akasema amelipigapiga pande zote, ni zima. Nikasema lina nyuki. Akasikiliza. Akasema hasikii nyuki. Akacheka, akaenda zake.

Kulipigapiga kwa nje, si kufunua. Afadhali. Mke anaenda sokoni kesho asubuhi, nitazihamisha. Jioni nimempelekea kinyozi kibao chake, kimekamilika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechelewa.

Jana nilipokuwa kwa kinyozi, Baba Pacha alirudi na kipande cha bomba. Akaunga. Maji yameingia usiku kucha.

Asubuhi mama mwenye nyumba akafungua bomba kuzindua. Kimya. Bomba likakohoa. Ukatoka ute mweupe, mzito, plop, ndani ya ndoo yake. Akapiga ukunga kwamba tangi limepata ugonjwa. Familia nne zote uani. Mimi nikiwa wa mwisho, nikijifanya nimeshtuka.

Baba Pacha akapanda ngazi, akafunua, akaingiza mkono. Akavuta kitu kwa mikono miwili, kinene kama mto wa kulalia, kinachuruzika. Akakitazama. Akakitambua: daipa, na kliniki alikuwepo tulipoambiwa tuziache. Zimekunywa tangi zima! Hakukubaki hata maji ya kunawa.

Mama mwenye nyumba akauliza ni za nani. Watoto wa nepi uani ni watatu tu. Baba Pacha alishuka, akakiweka kile kitu chini taratibu, akaangalia viatu vyake. Mke wangu alikuwa mlangoni, Mheshimiwa kiunoni. Akakitazama kile kitu, akanitazama mimi, akaitazama kamba.

"Ndiyo maana zinanukia jua," akasema. Akaingia ndani.

Nimeshinda kutwa ndani ya tangi nachota ute kwa beseni.

Jumapili, 9 Machi

Hajapaza sauti. Bora angepaza.

Mchana nikamwendea, nikaanza kueleza habari za kijiti na kinyozi. Akanikata.

"Mayai," akasema. "Umekaa meza hii hii ukanitazama nikiacha mayai. Nilidhani ni mimi ninayemuumiza mtoto."

Nikaokota ndoo.

Nikatoka nikafua. Kweli kweli. Zote, pamoja na ile isiyoelezeka. Baba Pacha akapita, akaniachia brashi yake ya kufulia ukingoni mwa karai, akaenda zake. Hilo limeniuma kuliko matusi. Nilisugua kwa mduara. Inasikitisha kukiri kwamba zinatakata.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya nne ya kufua. Vidole vimechubuka. Upele umekauka! Leo ngozi laini, Mheshimiwa anacheka akivuliwa, anarusha miguu. Mke alimshika muda mrefu. Kisha akaenda jikoni akakaanga mayai mawili, akala amesimama.

Akanipa la tatu.

Akasema anataka kitu kimoja tu kwangu: akiniuliza jambo, nimjibu kweli. Nikamwapia. Nilimaanisha. Machozi yalinilengalenga.

Ijumaa, 14 Machi

Jioni mke ameuliza kama nepi zimefuliwa. Nikamjibu kweli tupu: zimefuliwa.

Hakuuliza na nani.

Kuna dobi amefungua pale kituo cha basi, mtu mwelewa sana. Anapokea asubuhi, anarudisha saa tisa, zimepigwa pasi. Malipo yake ni kibao, nami nimekimaliza leo. Aliomba nimtaje mteja mmoja, watu wapate imani. Basi nimeandika, herufi nyekundu zenye kivuli cha njano: HATA MCHORAJI BABA MHESHIMIWA ANALETA NEPI ZAKE HAPA, KILA SIKU. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Usiku huu nimekipandisha juu kabisa ya mlango, kinasomeka tangu ngazi ya basi.

Mke wangu hushukia kituo hicho hicho. Ataona jina langu lilivyopendeza.