Mtamba wa Asilimia Themanini

Joakim alikuwa na fani moja tu duniani: kusimama pembeni na kutazama foleni za wenzake. Mchana huo foleni ilikuwa kwa Nyanjige, mwenye steshenari ya kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti na kuchonga mihuri pale Bariadi mjini. Mkoa wa Simiyu ulikuwa ndio kwanza umezaliwa, na nusu ya mji ilikuwa ikiomba kazi kwa nusu nyingine. Kompyuta ilichapa barua mbili, ikavuma kama mashine ya kusaga, ikazima. Ikawashwa, ikachapa moja, ikazima tena. Watu wakaguna.

Joakim akatabasamu. Soko lilikuwa huria siku hizo: mwenye pamba aliuza pamba, na asiye na kitu aliuza maneno. Yeye alikuwa na ghala zima la maneno.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma, akipenya hadi mezani. "Mashine yako inaumwa joto."

"Mwadila, baba. Wewe ni fundi?"

"Nimesomea Dar. Hili joto limeshaingia kwenye prosesa, yaani ubongo wake. Likikaa humo linabadilisha kila kitu. Leo inazima, kesho itapoteza herufi, keshokutwa litabadilisha hata rangi."

Nyanjige aliogopa kweli. Ijumaa alitakiwa kupeleka barua mia mbili kwenye ofisi moja mpya. Akishindwa, kazi ya mwaka mzima ingehamia kwa jirani. Akauliza tiba yake ni nini.

"Mtamba mmoja wa ng'ombe. Awe mweusi, dawa ya ubaridi inapenda weusi."

"Nitakupa mbuzi."

"Mbuzi ni wa kutibu redio, mayu."

Wakakubaliana mtamba.

Sasa, msomaji, nikuambie ukweli ambao Joakim hakuwa na haraka ya kuusema. Kwenye mipangilio ya umeme ya kompyuta kuna mahali pa kuchagua prosesa ifanye kazi kwa nguvu kiasi gani. Ya Nyanjige ilikuwa imeachwa kwenye asilimia mia, inakimbizwa mchana kutwa chini ya bati la Bariadi. Ukiishusha hadi themanini inakwenda taratibu kidogo, haipati joto sana, haizimi. Ni kazi ya dakika moja, na mtu mwenye roho nzuri angeifanya bure. Joakim alikuwa na chupa ya maji ya ziwa kutoka Lamadi.

Aliwatoa wateja nje, akanyunyiza maji sakafuni kwa heshima kubwa, kisha akaketi mbele ya kompyuta.

"Geuka, mayu. Macho ya mwenye mali yanaongeza joto."

Nyanjige akageukia ukutani. Hapo kilining'inia kioo cha wateja wa pasipoti kuchania nywele, na ndani yake skrini yote ilionekana, imegeuka kinyume. Mtu mwingine angeona michoro tu. Lakini mwanamke aliyechonga mihuri miaka tisa anasoma maneno yaliyogeuzwa kama wewe unavyosoma haya. Aliona kila kilichofunguliwa, akaona mia inafutwa na themanini inaandikwa. Hasira zilimpanda hadi masikioni, akazimeza.

Joakim alipotoka tu, Nyanjige akarudisha mia. Baada ya muda mashine ikazima. Akaweka themanini, ikachapa barua zote mia mbili bila kukohoa.

Kesho yake alimpeleka fundi wake kijijini Sapiwi, kwenye zizi la kaka yake Maduhu, akamwonyesha mtamba mweusi, mnene, anayemeta.

"Ni wako, baba. Ila mjini huna zizi. Mwache hapa kaka amlishe, akizaa uchukue wawili."

Neno wawili lilimwingia Joakim moyoni likakaa. Kwa miezi minne watu wa mjini walimwita mfugaji, naye aliitika. Alipojaribu kuuza ubaridi kwenye steshenari nyingine, kila mahali alijibiwa hivyo hivyo: Nyanjige ameshawawekea themanini, tena bure. Njaa ikamkumbusha mtamba wake, akaenda Sapiwi kumchukua.

Maduhu alimpokea vizuri. Akampa kigoda na maziwa, akampa na pole, kisha akamtandikia ngozi miguuni. Kwa wafugaji wa huko, ng'ombe wa mtu akifia zizini kwako unamwonyesha mwenyewe ngozi, na shauri limekwisha. Joakim aliijua desturi hiyo. Aliitazama ngozi: kuukuu, ngumu kama mlango, na nyekundu.

Akainua macho. Nyuma ya Maduhu mtamba mweusi, mnene kuliko mwanzo, alikuwa anacheua bila wasiwasi.

"Wangu alikuwa mweusi," alisema Joakim, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Maduhu alijibu kama mtu anayekumbuka somo gumu.

"Ni joto, baba. Lilimwingia kwenye ubongo. Dada anasema kuna fundi mmoja, amesomea Dar, alimweleza kwamba linabadilisha hata rangi."

Joakim aliyatambua maneno hayo; yalitoka kwenye ghala lake mwenyewe. Akaikunja ngozi, akaitia kwapani, akashika njia ya Bariadi kwa miguu. Jua la mchana ule lilikuwa asilimia mia, na hapakuwa na wa kumpunguzia.