Marahaba ya Mzee Mbaraka na Mpira Wangu wa Gofu

Tangini, Kibaha.

Kwa Bwana Isihaka,
Mshenga wa Ndoa Yangu,
Masaki, Kisarawe.

Ndugu Mshenga,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MARAHABA YA BABA MKWE

Assalamu alaikum. Kwa huzuni kubwa nakutaarifu kwamba Jumamosi iliyopita, mbele ya mke wangu na paka wa jirani, mpira wangu wa gofu ulitumbukia ziwani. Hakuna aliyejeruhiwa. Ziwa lenyewe limo ndani ya runinga, na mpira pia, lakini aibu ilikuwa hapahapa sebuleni kwangu. Ilikaa kwenye kochi mpaka magharibi.

Najua unajiuliza mshenga anaingiaje kwenye gofu. Taratibu za kwenu unazijua kunishinda: mkwe hamlalamikii mkwe uso kwa uso. Akiwa na neno, hulipeleka kwa yule aliyepeleka posa. Posa yangu uliipeleka wewe. Na ni wewe uliyewaambia wazee pale Masaki, mdomo umejaa korosho zao, kwamba "kijana huyu wa Bukoba ni mtaratibu, hana papara." Kauli hiyo sasa imenirudia kwa njia ya umeme.

Kabla ya kuanza kuorodhesha, nieleze hali ilivyo. Mzee Mbaraka alikuwa akija kwetu kila Jumamosi, amepakiwa na shemeji yangu Maneno kwenye pikipiki, mfuko wa mihogo umebanwa katikati yao kama abiria wa tatu. Sasa Jumamosi kadhaa zimepita hajaja. Anasema mgongo. Juzi mke wangu Zawadi aliniuliza, ameinamia sufuria wala haniangalii, "Mgongo gani huo wa baba, unaouma Jumamosi tu?" Kikombe cha baba yake bado anakitoa kabatini kila Jumamosi, anakiosha kikiwa kisafi, anakirudisha. Kwa hiyo nataka Mzee arudi. Sababu zangu ni za kimichezo tupu, kama nitakavyoonyesha.

Chanzo ni daktari. Alilitazama tumbo langu kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akasema mtu wa ofisini lazima atikisike. Binti yetu Nuria, anayesoma Dodoma, akaniletea mashine ya gemu likizo iliyopita, akanichagulia gofu. Alisema, "Baba, huu ndio mchezo pekee ambao mwenye kitambi haulizwi." Unashika padi, kile kidude cha kuchezea, mkononi kama fimbo, unainua mkono, unaushusha, na yule bwana mdogo kwenye runinga anapiga kama ulivyopiga wewe. Ila kabla hujaanza, mashine hutaka kukujua. Inakuamuru upige mipigo michache kwa mwendo wako wa kawaida, inapima mkono umekaa juu kwa muda gani, kisha inaandika: huyu ndiye yeye. Baada ya hapo ukienda haraka kuliko ulivyojitambulisha, mpira unapinda. Ukichelewa, unapinda upande wa pili.

Sasa malalamiko:

1. Kwamba Mzee aliingia sebuleni wakati napimwa. Mkono wangu ulikuwa juu kama wa mtu anayetundika pazia, na Nuria alikuwa amenionya nisiushushe ovyo, mashine isije ikaniandika vibaya. Nikasikia hodi. Nikapiga goti nusu, mkono nimeuacha huko huko juu, nikasema shikamoo, baba. Marahaba ya Mzee unaijua, haijawahi kutembea peke yake. "Maraahaba, mkwe wangu! Hujambo? Kazini salama? Mvua huku imenyesha? Kwetu imenyesha, lakini ya kudanganya." Niambie, Ndugu Mshenga, mkwe gani anaweza kushusha mkono katikati ya mvua ya baba mkwe? Niliushusha alipokaa. Nikainua mara ya pili, akakumbuka hajamuulizia mama yangu: "Na mama kule Bukoba, goti?" Nikaeleza goti. Mara ya tatu akakumbuka salamu za mama mkwe, Bi Mwanamvua, ambazo huletwa nzima nzima, pamoja na habari za kuku. Mashine ikapiga kengele ya furaha, ikaandika kwamba mwendo wangu ni wa taratibu sana, ikaweka na picha ya kobe.

2. Kwamba tangu siku hiyo sikuweza kupiga mpira pasipo salamu. Nikiwa peke yangu ilinibidi nijiamkie mwenyewe kwa sauti ya chini: shikamoo baba, marahaba, hujambo, sijambo, mvua imenyesha. Nikifika kwenye "mvua" nashusha mkono, mpira unakwenda kama umetumwa. Shemeji Maneno aliposikia akaniuliza, "Shem, unacheza gofu au unasoma hitima?" Tangu hapo amekuwa akisubiri nikaribie mvua, kisha anapiga kelele, "Oya shem, niaje!" Papara zote ambazo wewe uliapa sina zinanijia kwa pamoja, na mpira unakwenda kuoga.

3. Kwamba Mzee mwenyewe aliuzoesha mkono wangu vibaya kwa wema. Alipoona kila nikiinua fimbo nakaa kimya namsikiliza, aliamini ndivyo gofu inavyochezwa. Akawa anakaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, nikiinua tu mkono ananiuliza jambo: korosho zina bei gani mjini, Nuria anakula vizuri huko Dodoma, yule jirani yenu alipona? Najibu, nashusha, mpira unanyooka. Nasikia huko Masaki amewatangazia watu kwamba gofu ni mchezo wa adabu, hupigi mpaka umemsikiliza mkubwa. Sikuwahi kumsahihisha. Ningeanzaje?

4. Kwamba katikati ya wiki, Mzee akiwa shambani, nilijaribu salamu za watu wengine na zote zimeshindwa kimataifa. Jirani yetu Mama Laurensia, mwanamke mkarimu, alikubali kusimama mlangoni na kusema "Tumsifu Yesu Kristo." Nikajibu inavyopasa, lakini salamu yao imefungwa vizuri na inaisha mapema, mpira ukafia kwenye mchanga. Vijana wa bodaboda pale kona ndio kabisa. Shikamoo yao inarushwa kama ganda la chungwa, na hawangoji kuona imeangukia wapi. Mpira haukunyanyuka.

5. Kwamba maradhi haya yamenifuata kazini. Nainua muhuri kugonga barua ya mwananchi, mkono unagoma juu kwa juu ukisubiri kuulizwa habari. Juzi mama mmoja mwenye haraka zake aliniambia, "Bosi, unagonga au unanibariki?" Ofisi nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikamuuliza kama kwao mvua imenyesha, ndipo muhuri ukashuka.

6. Kwamba marahaba imepunguzwa bila taarifa. Mzee alipoacha kuja nilimwomba Maneno anirekodie sauti yake kwenye simu. Maneno akaleta. Nimeisikiliza mara nyingi, nikiwa nimeiweka sikioni kama mtu anayesikiliza matokeo ya uchaguzi. Inasema, "Marahaba. Haya." Baada ya hapo ni jogoo. Ndugu Mshenga, "haya" hiyo haina mvua ndani yake, haina goti la mama, haina hata kuku mmoja wa Bi Mwanamvua ukimtoa huyo jogoo, ambaye nadhani hakutumwa.

7. Kwamba, kwa kufuata hoja hizo zote, Mzee si mgeni wa mashine hii tena bali ni sehemu yake, kama waya. Mtu huwezi kung'oa waya ukaondoka nao kwenda Masaki, halafu ukasema mgongo. Fundi yeyote atakwambia hivyo.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, umfikishie yafuatayo. Kwanza, aripoti Tangini Jumamosi bila kukosa, na kama mgongo ni wa kweli nitamtuma dereva mwenye gari, asije akasingizia pikipiki ya mwanawe. Pili, marahaba irudishwe katika urefu wake wa zamani, na salamu za Bi Mwanamvua zisifupishwe njiani. Tatu, kama fidia kwangu, akubali tuongozane hadi stesheni ya Soga tupande ile treni mpya, twende Dar na kurudi. Amekuwa akiitamani tangu ilipoanza kupita, nami nimekuwa nikisema wiki ijayo, baba, wiki ijayo. Nitahitaji kukaa naye safari nzima nikiwa nimeinua mkono, kwa ajili ya vipimo.

Akikataa, sina budi kulipeleka suala hili mbele zaidi, ingawa sijui mbele ni wapi. Nilimuuliza mwenyekiti wetu wa mtaa, akanishauri nilale.

Nisalimie Bi Mwanamvua na umwambie mihogo ya mwisho ilikuwa mitamu. Nisalimie nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo, nisalimie na majirani mpaka pale barabarani, na yule jogoo.

Ndimi wako katika ukwe na katika michezo,

Hashiru

Nakala: Zawadi (ameisoma, hakucheka)

TANABIHI: Zawadi aliiweka barua mezani, akasema, "Umeandika yote isipokuwa lile." Halafu akaenda kuanika nguo. Basi ngoja niliandike lile, maana amesema haipelekwi bila lile.

Mpira haukutumbukia ziwani Jumamosi iliyopita. Hautumbukii tena. Kujipima upya ni jambo la kubonyeza mahali, Nuria alinielekeza kwa simu kabla chai haijapoa, na mashine ikamfuta yule kobe. Huo mwendo wa salamu niliuacha kimyakimya, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchekwa na Maneno, na nilitaka nimshinde japo mara moja. Sikumwambia Mzee. Nilifikiri atakuja, ataniuliza maswali yake, nami nitapiga tu huku namjibu, hatajua.

Jumamosi ile ya mwisho Mzee kuja, Maneno alimshusha getini akaja mbio kumalizia mchezo tuliouacha katikati wiki ya nyuma, akapiga zamu yake, akatoka tena kuingiza pikipiki. Nilibakiwa na mpigo mmoja. Ukiingia shimoni, nimemshinda. Nimesimama nimeipa mlango mgongo, mkono juu, nikasikia hodi. Niliisikia vizuri, Ndugu Mshenga. Niliisikia na nikajua ni nani. Nikajua pia kwamba nikifungua mdomo kusema shikamoo, mkono utarudi kwenye kawaida yake ya zamani na mpira utapinda. Nikanyamaza.

Naye Mzee akaingia. Alisimama nyuma yangu akingoja, maana kwake mkono ukiwa juu ndio wakati wa kuamkiana. Alingoja muda wa kutosha kwa mtu yeyote mwenye malezi. Mwisho akasema mwenyewe, polepole, "Marahaba, mkwe." Aliitikia shikamoo ambayo sikuitoa. Mimi nikashusha mkono.

Mpira uliingia. Tarumbeta zikapigwa mle ndani ya runinga, watu wa kuchorwa wakanishangilia. Nilipogeuka mikono juu, nilikuta mfuko wa mihogo mlangoni. Yeye alikuwa ameshatoka, amesimama kando ya pikipiki, anamwambia Maneno mgongo unamsumbua, warudi. Zawadi alikuwa jikoni na dirisha la jikoni liko wazi, kwa hiyo aliyaona yote na hajawahi kuniambia kitu, ila kile kikombe.

Basi malalamiko namba moja hadi saba nayafuta. Ile sauti ya kwenye simu sikuiomba kwa ajili ya mpira. Mpira sasa unanyooka kila ninapopiga, na kila ukinyooka naisikia ile marahaba, kwa hiyo padi nimeirudisha kwenye boksi lake mpaka atakapokaa mtu kwenye kiti cha dirishani.

Usimpelekee Mzee ujumbe wowote, utakuwa umenisaidia kukwepa. Niangalizie tu kama Jumamosi hii atakuwepo nyumbani. Nitakuja Masaki mwenyewe na Zawadi, nitapiga hodi, na shikamoo nitaitoa mikono ikiwa chini. Hata marahaba ikichelewa, nitangoja. Kungoja ndiko mashine ilikoandika kuwa ni mwendo wangu, na wewe uliwaambia hivyohivyo kabla yake.