Mipini ya Visu vya Harusi ya Lorine

Jumapili, 7 Desemba 2025

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili. Napenda mipini ya visu. Wasichana niliomaliza nao kidato cha nne wanapenda wavulana, simu na kusukwa. Mimi nikiona kisu kikuukuu jikoni kwa mtu, moyo unanienda mbio. Si kwa sababu ya makali. Ni mpini.

Ilianza baada ya mtihani wa mwisho. Kisu cha Mama. Mpini mweusi kwa masizi, umezungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli na juu yake uzi mwekundu. Nikakata uzi. Nikabandua tyubu. Nikapiga msasa nyuma ya choo mpaka vidole vikafa ganzi. Chini ya uchafu wote ule kulikuwa na mti wa rangi ya chai yenye maziwa kidogo! Nililia. Kisha nikakirudisha jikoni kimyakimya, nikangoja Mama ashangae.

Alishangaa. Alisema hiki si kisu chake, ni cha mtu, kimechanganyika na vyombo vya kanisa. Mama ni mwaminifu kupita kiasi. Alikibeba hadi kanisani, akakiinua mbele ya akina mama wote, akauliza ni cha nani. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mdomo wangu ndivyo ulivyo mbele ya watu. Mama Priscilla, mwenyekiti wa akina mama, akasema ni chake.

Chake! Kisu ambacho Mama aliachiwa na mama yake mzazi!

Tangu hapo Mama anakata sukuma wiki kwa kisu kilichovunjika ncha, na kila jioni anauliza hewani kisu chake kilienda wapi. Nami nageukia ukuta.

Nimefikiri sana nilikosea wapi. Nimeona. Nilitengeneza kisu kimoja tu. Vingekuwa vingi, hakuna ambaye angetamani cha mwenzake.

Jumanne, 9 Desemba

Siku mbaya. Mama mdogo Milka alipiga simu kutoka Migori. Anakuja Kosele kwa harusi ya binamu yangu Lorine Jumamosi, na akirudi atarudi nami. Ana saluni. Nitaosha vichwa. Mama amekubali, amefurahi, ameshaanza kunikunjia nguo.

Saluni! Mteja akiinamisha kichwa anataka umsimulie habari. Sina habari. Nina mipini.

Kuna njia moja tu ya kuokoka. Hapa sokoni yupo Mwikwabe, fundi seremala, Mkuria mpole mwenye penseli sikioni siku zote. Anatafuta mwanafunzi wa kuanza Januari. Mama alisema nikipata mahali pa kujifunza kazi hapahapa, saluni itasubiri. Kwa hiyo leo nilikwenda kumwomba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi yangu mbele ya mbuzi. Mbuzi alielewa.

Nilisimama nje ya karakana yake. Nikajifanya nangoja bodaboda. Bodaboda zikasimama, nikazikataa moja baada ya nyingine, mpaka waendeshaji wakaanza kuniangalia vibaya. Mwishowe Mwikwabe mwenyewe akaja kuuliza kama ninaumwa. Nikasema huenda mvua ikanyesha. Kisha yote yakatoka kwa pumzi moja: mwanafunzi, Januari, msasa, tafadhali.

Hakucheka. Alisema, "Kila mtu anakuja hapa na picha kwenye simu. Mimi nataka kuona kitu ulichokitengeneza kikifanya kazi mikononi mwa watu." Atakuwa harusini. Meza ya maharusi ameiunda yeye.

Nikirudi nilikutana na Priscilla, binti wa mwenyekiti. Tulikuwa darasa moja. Sasa anaoka keki, na keki ya Lorine ni yake, ngazi tatu. Ana aproni yenye jina lake. Aliniuliza mbele ya watu wa mboga mimi ninafanya nini siku hizi. Nikatazama viatu vyangu. Akasema, "Irine wetu! Bado betri haijaingia?" Wauza mboga walicheka. Mmoja aliniongezea nyanya, kwa huruma.

Kikifanya kazi mikononi mwa watu. Nitapata wapi visu vingi?

Jumatano, 10 Desemba

Mungu yupo! Visu vimekuja vyenyewe!

Harusi itapikwa hapa kwetu, kwa hiyo akina mama wa kanisa wameleta visu vyao mapema, karai zima. Mama amenikabidhi mimi. Alisema sizungumzi na watu, kwa hiyo hakuna atakayenilaghai nimpe kisu kisicho chake.

Nimevikagua. Hali inatisha. Sijui akina mama hawa wanavichukia visu vyao kwa nini. Kimoja kimepakwa rangi ya kucha, matone matatu ya waridi. Kingine kimechomwa kwa msumari wa moto, herufi M imepinda kama imelewa. Kingine kimefungwa waya wa soda. Kuna chenye uzi wa kijani, chenye uzi wa buluu, chenye kipande cha leso. Kimoja kina pengo mpinini, kana kwamba kimeng'atwa na mtu. Hakuna viwili vinavyofanana!

Yote hii ni kazi yangu. Harusini kila mama atashika mpini laini kama shavu la mtoto. Mwikwabe ataona. Mama ataona. Hakuna saluni.

Alhamisi, 11 Desemba

Nilianza alfajiri nyuma ya choo. Msasa mkali kwanza, kisha wa kati, kisha laini. Rangi ya kucha ni ngumu, lakini mimi ni mgumu zaidi. Ile M iliingia ndani sana, nikalazimika kuupunguza mpini wote unene. Wenye pengo niliusawazisha pande zote. Nyuzi na waya nimezitupa shimoni.

Kulipopambazuka vizuri nilivipanga kwenye gunia. Vyote sawasawa kama wanajeshi. Vizuri mno!

Lakini mti mtupu hunyonya maji. Unahitaji mafuta. Mwikwabe ana mafuta ya seremala, ila kumwomba kungemaanisha kuzungumza naye tena, na wiki hii nimeshazungumza. Nikatazama jikoni. Kuna chupa kubwa ya mafuta ya mbuta aliyoyeyusha Mama kutokana na matumbo ya samaki waliotoka ziwani, Sindo. Ni mafuta. Yanang'aa. Ya bure.

Nimepaka mara mbili. Yanawaka juani!

Paka wa jirani, anayeitwa Mkaguzi, alikuja akaketi mbele ya gunia. Nadhani naye anapenda kazi nzuri.

Ijumaa, 12 Desemba

Paka ni saba sasa. Nimewafukuza kwa ndala.

Kuna harufu kidogo. Itapungua.

Mama mdogo Milka amefika na sanduku tupu. Ni la nguo zangu. Amenishika mikono akasema ni laini ajabu, mikono ya saluni kabisa. Ni mafuta ya mbuta.

Mchana Priscilla alileta kisu cha kukatia keki, nikifungie utepe mweupe kwa kuwa mkono wangu umetulia. Nilikitambua kabla hajakifunua. Kisu cha Mama! Mama yake amekitoa kwa sababu ndicho kizuri kuliko vyote. Priscilla alisema nikiangalie vizuri nijue mpini wa maana unafanana na nini. Nilitaka kucheka, nilitaka kumwambia. Nikakohoa tu.

Alipokwenda kunywa chai nilikipaka mafuta mara tatu. Kiwe cha kwanza kuonwa na Mwikwabe. Kisha utepe.

Jumamosi, 13 Desemba

Naandika nikiwa chini ya meza ya vyombo. Bado wanazungumza nje.

Asubuhi akina mama walikuja kuchukua visu. Nilikuwa nimevifunika kwa kitambaa cha meza. Nikafunua. Kimya. Nilidhani ni furaha.

Mama Wesley akauliza chake cha uzi wa kijani kiko wapi. Mwingine akauliza chake chenye M kiko wapi. Mwingine akavipindua vyote akitafuta rangi ya waridi, akanusa vidole, akanitazama. Hapo ndipo nilipoelewa, taratibu, kama maji baridi yanayoshuka mgongoni. Zile zilikuwa alama. Kila mama huweka alama kwenye kisu chake ili kikitoka kwenye shughuli ya watu kirudi nyumbani. Kila mtu anajua! Mimi pia najua, hata sahani zetu zina alama. Sijui kwa nini sikufikiria visu.

Kelele. Hakuna aliyekubali kumenya kiazi hata kimoja kabla hajapata chake. Mama Priscilla, kama mwenyekiti, aliamuru wachague kwa umri, mkubwa kwanza. Wanawake wanne walitangaza umri ambao hawajawahi kuutangaza. Mwingine alikataa umri wake alipoutajiwa. Viazi vilikaa. Mchele ulikaa. Bwana harusi alifika akakuta sufuria baridi. Mama mdogo Milka alikuwa amekaa kwenye karai lililogeuzwa, anacheka mpaka machozi.

Mama aliuliza nani amefanya haya. Nilikuwa nyuma ya gunia la makaa.

Chakula kilichelewa, lakini kililiwa. Kisha keki. Lorine na mumewe wakashika kisu, wakakata, wakalishana. Lorine akaacha kutafuna. Akamtazama mumewe. Mchungaji naye alilishwa, akaomba maji. Priscilla akaonja keki yake mwenyewe na uso wake ukabadilika mbele ya watu wote, maana keki ya vanila ilikuwa na ladha ya Ziwa.

Ndipo Mkaguzi akaruka juu ya meza ya maharusi. Hakugusa keki. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisu akaanza kulamba mpini.

Mkutano mzima ukauliza kisu kile ni cha nani. Macho yote kwa Mama Priscilla. Akanyanyuka, akarekebisha kilemba, akasema, "Hiki si changu. Mimi nilikihifadhi tu. Ni cha Mama Irine."

Mama alisimama polepole kama mtu aliyeitwa na marehemu. Lakini Mwikwabe alikuwa ameshafika mezani. Alimwondoa paka, akakigeuza kisu, akapitisha kidole kwenye mpini. Akanusa. Akauliza msasa huu umepigwa na nani.

Priscilla alikuwa analia kwenye aproni yenye jina lake, na watu walishaanza kusema kwamba ni mayai yake yaliyooza. Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua. Nilitoka nyuma ya makaa, nimejaa weusi, nikasema, "Ni mimi. Na vile vingine. Na mafuta ya mbuta."

Sijawahi kuzungumza mbele ya watu wengi vile. Hata maikrofoni ilikuwa karibu.

Mwikwabe alikiweka kisu mezani. Alisema, "Mkono ni mzuri. Mkono ni mzuri sana. Lakini hukuuliza mtu." Akasema wateja humwachia vitanda vya wazazi wao, na hawezi kumweka karibu navyo mtu anayefuta alama za watu kwa kuwa yeye haoni maana yake. Niende Migori na mama yangu mdogo. Nikifika Pasaka bila kugusa kitu cha mtu kabla ya kumwomba mwenyewe, nafasi ni yangu. Mama mdogo atatoa ushahidi.

Kwa hiyo sijakataliwa! Nimeahirishwa!

Jumapili, 14 Desemba

Visu vimekwenda nyumbani, kila mama na kile kilichomkaa mkononi. Mama Wesley amekuja mara mbili kubadilisha.

Nilikwenda kwa Priscilla kumwomba msamaha. Nilisema maneno matano. Alisema keki mbili zimeagizwa hata hivyo, ila mimi nisihudhurie.

Jioni Mama aliketi na kisu chake, ukanda mpya wa tyubu na uzi mwekundu. Sikuweza kutazama. Kisha nikatazama. Kabla ya kufunga, alipitisha kidole gumba kwenye mti ule wa rangi ya chai. Akasema miaka yote hii hakujua mama yake alimwachia kitu kizuri hivi. Alipofunga aliacha kipande wazi, upana wa vidole viwili.

Nimeapa. Sitagusa kitu cha mtu bila kuomba. Nimeapa kwa sauti, mbuzi ni shahidi.

Jumanne, 16 Desemba

Migori. Saluni ni kama nilivyoogopa. Jana mteja wa kwanza aliniuliza nimetoka wapi, nikammwagia maji sikioni.

Mama mdogo ameniacha nyumbani leo, nipumzike. Mume wake, baba mdogo Maroa, ana wageni: wazee wa ukoo wao kutoka huko Kuria, wanazungumza mambo ya shamba sebuleni. Wazee wenye heshima. Fimbo zao wameziegemeza ukutani, hapa mlangoni.

Mungu wangu, hizo fimbo.

Mti mzuri, mzito, mweusi kama usingizi. Lakini zimetunzwa vibaya! Moja ina mikato mitatu karibu na mshikio. Nyingine imezungushiwa waya wa shaba uliolegea. Nyingine ina kipande cha ngozi kikuukuu kinachoning'inia. Hakuna mbili zinazofanana.

Nilikumbuka kiapo. Nilikwenda hadi mlango wa sebule kuomba ruhusa, kweli kabisa. Wazee wote wakageuka wakanitazama. Nikasema huenda mvua ikanyesha. Nikarudi.

Nadhani hiyo inahesabika kama kuomba.

Na usidhani sijajifunza. Nimejifunza! Si mafuta ya mbuta tena. Saluni ina mafuta ya nywele ya parachichi, yananukia vizuri, na chupa moja ilikuwa kwenye mkoba wangu. Msasa ulikuwa kwenye mkoba pia, sijui ulifikaje.

Mikato mitatu imetoka vizuri. Waya nimeutupa.

Ngozi inakataa kidogo. Ngoja.

Wameacha kuzungumza huko ndani. Nasikia viti vikisogezwa. Wewe unayesoma hapa, nakuomba kwa unyenyekevu: usimwambie Mama mdogo. Usimwambie Mama. Na ukipita Kosele ukamwona mtu mwenye penseli sikioni, mzungumzie mvua tu.